Funguo Alizoninyima Mama Nundu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa idara ya uchapaji, walimu mliosafiri kutoka mbali, na ninyi mnaotusikiliza kupitia simu iliyowekwa hapa mezani mkiwa katika nchi ambazo mimi sijawahi kufika, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, nami nimekubali kwa sharti kwamba nitasoma nilivyoandika mwenyewe, bila mtu kunipunguzia mstari, maana aliyemjua tangu mwanzo ni mimi, na katika hilo sigombani na mtu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mwalimu wa hesabu na fundi cherehani, ambao wote wawili wametutangulia. Mtoto wa pili ni mimi, niliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1977 katika wodi hiyohiyo, na mama alipenda kusimulia kwamba dada aliponiona mara ya kwanza aliomba nirudishwe nilikotoka, akalia siku nzima, kesho yake akanizoea, na tangu hapo hakunionea wivu tena maisha yake yote. Wivu ule alioutupa siku ile niliuokota mimi, na wengi mliokaa hapa mnajua kwamba sikuwahi kuuweka chini.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akashika nafasi ya kwanza mara sita na ya pili mara moja, mwaka alioumwa surua, kisha akaenda sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia mwaka 1988. Ripoti zake baba alizisoma kwa sauti mezani, somo kwa somo, na maoni ya mwalimu wa darasa akayarudia, na zangu alizitia saini akiwa amesimama. Sweta zake za shule zilinifikia zikiwa na jina lake ndani ya kola, limeshonwa na mama kwa uzi mwekundu usiofumuka kirahisi, nami nikamaliza sekondari ileile nikiitwa "mdogo wake", na walimu, na wapishi, na hata mlinzi wa getini. Tarehe 9 Januari 1995 alianza stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi, akahitimu tarehe 21 Novemba 1997, na mimi nilipoulizwa nataka kusomea nini nikajibu kompyuta, wala si kwa kuipenda, nilitaka tu kuona atafanyaje nikimpita. Sikumpita.

Aliajiriwa tarehe 2 Machi 1998 katika idara ya uchapaji, chumba namba saba, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, ambako kulikuwa na mashine moja ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vitone ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, mashine yenye kelele kiasi kwamba watu wa vyumba vya jirani walifunga milango hata wakati wa joto. Kazi yake ilikuwa kuchukua mitihani ya shule na kuigeuza kuwa nukta nundu. Katika chumba hicho alikutana na shemeji yangu, fundi friji na viyoyozi, aliyekuja kutengeneza kiyoyozi kilichoharibika, akakitengeneza, kisha akarudi mara tatu kukikagua kikiwa kizima kabisa, hadi mkuu wa idara akamwambia fundi, sema shida yako. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 16 Juni 2001, nami nilisimama nyuma ya bibi harusi nikiwa nimevaa gauni la njano lisilonipendeza, ambalo nilisema amenichagulia makusudi, jambo lisilo kweli. Mungu aliwajalia watoto wawili, kijana aliyezaliwa tarehe 5 Mei 2002, na binti aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2005, na wote wawili wananiita mama mdogo.

Mwezi Septemba mwaka 2003 kampuni iliyoiuzia idara programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu ilifunga milango bila kumwambia mtu, kibali cha matumizi kikaisha muda wiki mbili kabla ya mitihani, programu ikagoma kufunguka, na hakukuwa na wa kumpigia simu. Watoto wa shule kumi na moja walisomewa mtihani kwa mdomo, na maumbo ya hesabu walimu wakawachorea kwa kidole viganjani. Dada alikuja kwangu jioni ile, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akaniambia, "Mdogo wangu, mwenye duka amefunga duka, kaondoka na macho ya watoto." Nilimwambia aombe idara inunue programu nyingine. Akanijibu, "Na huyo naye akifunga?"

Basi akaanza kuandika ya kwake, saa za chakula cha mchana na asubuhi kabla mtoto hajaamka, na tarehe 9 Februari 2004, kwa ruhusa ya maandishi ya mkuu wa idara, akaiweka mtandaoni bure kabisa, pamoja na msimbo wake wote, yaani yale maandishi yenyewe ambayo programu imeundwa nayo, ili yeyote ayasome, ayarekebishe na kuyagawa, na asitokee tena mtu wa kuifunga. Akaiita Nundu. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa inatumika katika shule na ofisi za uchapaji za nchi kumi na tisa, na watu ambao hawakujua hata sura yake walimwita Mama Nundu. Shemeji alikuwa akisema kwamba ana mume mwenza ndani ya nyumba, ila afadhali huyo hali chakula. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini moyoni niliona kwamba shemeji angalau aliikuta nafasi yake ipo, yangu ilikuwa imekaliwa.

Hapa naomba mnisamehe, kwa kuwa kwenye karatasi ya familia mliyogawiwa sehemu hii haipo. Tarehe 12 Oktoba 2011, saa nane mchana, nilikwenda jikoni kwake kumweleza kwamba mume wangu ameondoka na hatarudi, na nilikuwa bado katikati ya sentensi simu yake ilipolia. Akasema, "Subiri kidogo, mdogo wangu," akamsikiliza kwa dakika arobaini mwalimu mmoja wa nchi nyingine ambaye mashine yake ilikuwa inachapa vitone visivyosomeka, na mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi. Aliporudi mezani chai yangu ilikuwa imepoa, nami nilikuwa nimeondoka. Alinifuata nyumbani jioni hiyohiyo, akakaa nami siku tatu, akanipikia, akanifulia, na hizo siku tatu sikuwahi kumsimulia mtu. Dakika arobaini ndizo nimezisimulia kwa miaka kumi na tatu.

Mwalimu yule yupo hapa, amekaa mstari wa pili, upande wa kushoto. Ni mwalimu wa jiografia, haoni tangu utotoni, na alianza kumwandikia marehemu mwaka 2007 kwa barua ya malalamiko ya kurasa tatu, dada akamjibu kwa kumshukuru na kumwomba aandike nyingine.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2013, marehemu alianguka ofisini kwa shinikizo la damu, madaktari wakampumzisha miezi minne, na katika miezi hiyo ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, kwamba Nundu ilikuwa ya watu wote ila wa kuitunza alikuwa mmoja. Ujumbe mia tatu ulikaa bila majibu. Kompyuta mpya zilizoletwa mashuleni zilikuwa zinaandika ile alama ya juu ya ng' ikiwa imepinda, na Nundu iliijua iliyonyooka tu, kwa hiyo kila ilipokutana na iliyopinda ikachapa alama ya kuuliza. Katika mtihani mmoja wa sayansi watoto walipapasa neno ng'ombe lenye swali katikati, wakamuuliza msimamizi kama anayeulizwa hapo ni mtahiniwa au ni ng'ombe. Walipomsimulia dada kitandani alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, "Programu yenye mtu mmoja imeshakufa, inangoja tarehe tu."

Aliporudi kazini hakuwa yule wa zamani. Miaka tisa alikuwa ameijenga Nundu, na miaka iliyofuata aliitumia kujiondoa ndani yake kidogo kidogo. Aliandika maelekezo ya kila kitu, hata ya mambo aliyodhani kila mtu anayajua, akawaomba wakuu wa ofisi za uchapaji wawaruhusu wafanyakazi wao nusu siku kila wiki waifanyie kazi programu wanayoitegemea, na kila Jumamosi saa nne asubuhi akakutana nao kwa mtandao, akiwafundisha. Mtu akimuuliza swali ambalo mwingine analijua, dada alikaa kimya makusudi hadi yule mwingine ajibu, na nilishuhudia mara nyingi akiwa amejiziba mdomo kwa mkono ili jibu lisimtoke.

Mwaka 2014 nami nilijaribu, kwa kuwa nilikuwa tayari fundi wa mifumo katika kampuni ya bima, na kazi ile niliiweza. Nilirekebisha lile tatizo la alama iliyopinda, nikatuma marekebisho tarehe 27 Januari, nikakaa nikisubiri kusifiwa, na yakarudi masahihisho kumi na moja, kila moja mahali ambapo dunia nzima inasoma. Wiki hiyohiyo Mwalimu alituma yake, ya mistari minne, akaambiwa hongera. Nilimpigia dada nikamuuliza kama ananiaibisha kwa raha yake. Akasema, "Mistari yako itasomwa na mtu ambaye mimi na wewe hatupo wa kumweleza. Isahihishe, uilete." Sikuisahihisha. Aliisahihisha mama mmoja fundi wa mashine katika ofisi ya uchapaji ya nchi jirani, na jina lake ndilo limeandikwa pale hadi leo, nami kwa miaka kumi nimekuwa nikienda kulitazama.

Ugonjwa uliomchukua ulianza kama maumivu ya mgongo mwezi Julai 2023, na tarehe 22 Agosti hospitali ya rufaa ikathibitisha kwamba ni saratani ya kongosho. Aliacha kazi ya ofisi mwezi Oktoba. Tarehe 1 Februari 2024 aliwaandikia watumiaji wote wa Nundu kwamba anakabidhi funguo, yaani nywila na mamlaka yote ya mahali programu ilipohifadhiwa, kwa watu watatu kwa pamoja, ili pasiwepo tena mmoja ambaye akianguka kila kitu kinaanguka naye. Watatu hao ni Mwalimu, yule mama fundi wa mashine, na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu ambaye nilikuwa sijawahi hata kulisikia jina lake. Niliisoma barua ile kama alivyoisoma mtu yeyote, kwenye simu yangu, nikiwa kwenye foleni ya benki.

Nilikwenda kwake moja kwa moja, nikamkuta sebuleni amejifunika shuka, nikamuuliza, "Na mimi je? Damu yako, mwenye taaluma ileile, mtaa wa pili kutoka hapa?" Akasema, "Wewe unataka kupewa na mimi, mdogo wangu. Kazi yenyewe huitaki." Nilitamani lisiwe kweli, na kwa vile lilikuwa kweli nikaondoka bila kuaga.

Tarehe 19 Februari alilazwa kwa ajili ya upasuaji, na kabla ya kuingizwa ndani alinikabidhi simu yake, akasema, "Kuna namba itakuja kwa ujumbe, ya kuthibitisha makabidhiano. Wale watatu wakipiga, wasomee." Namba ilikuja kesho yake saa tisa alasiri, tarakimu sita, nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido ya wodi namba nne. Niliisoma. Nikaifuta. Wakajaribu tena siku iliyofuata, nikaifuta, na Mwalimu akapiga mara kumi na moja nami nikaiacha simu iite mapajani mwangu, kwa siku tisa, nikijiambia kwamba namlinda mgonjwa asisumbuliwe. Nilijua kwamba anwani ya tovuti ya Nundu inaisha muda mwisho wa mwezi, na kwamba wenye kuilipia upya ni hao watatu, wakishathibitishwa kwa namba hiyo, na kwamba isipolipiwa mtu yeyote wa mtaani anaweza kuichukua na kuwawekea watoto wale chochote. Nilijua hayo yote kuliko mtu mwingine yeyote katika korido ile.

Tarehe 28 Februari dada aliomba simu yake, akaona simu zisizopokelewa, akahesabu kwa kidole, na uso wake sikuweza kuutazama. Hakupandisha sauti, hata nguvu za kuipandisha hakuwa nazo. Alinirudishia simu, akasema, "Mpigie. Mwambie mwenyewe." Nikapiga pale pale, nimesimama kando ya kitanda, nikamweleza Mwalimu nilichofanya na kwa nini nilikifanya, nikakitaja kwa jina lake, kwamba ni wivu. Kisha akasema, "Dada, mimi wewe nimekuonea wivu tangu aliponiambia ana mdogo wake mtaa wa pili. Miaka kumi na saba nina sauti yake tu. Wewe unamshika mkono." Hakuningoja nijibu. Akasema, "Haya, naomba namba nyingine sasa hivi, nikikuta anwani imeisha muda nitalia kweli." Ikaja, nikamsomea tarakimu moja moja, na kesho yake, siku ya mwisho ya mwezi, tovuti ikalipiwa.

Marehemu hakulizungumza tena jambo hilo na mimi, wala kunisamehe kwa maneno. Alirudishwa nyumbani tarehe 15 Machi, na kuanzia hapo, muuguzi akija kumkata kucha au binti yake akitaka kumpaka mafuta miguuni, alikuwa akivuta miguu ndani ya shuka na kusema, "Mngojeni mdogo wangu." Nilimkata kucha kila Jumapili kwa wiki kumi na tatu. Nawaambia ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka nchi kumi na tisa ili mjue, maana hilo hamkupata.

Alifariki nyumbani kwake, siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mume wake na watoto wake wakiwepo nami nikiwepo, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi miwili na siku ishirini na nane. Ameacha mjane wa kiume, watoto wawili na mdogo mmoja.

Saa tano Mwalimu alinipigia. Alilia kwanza, kisha akaniambia kwamba toleo jipya la Nundu lilikuwa limepangwa kutoka siku ileile saa sita mchana, kwamba wote watatu wameshauriana na wako tayari kulisimamisha kwa heshima yake, ila wameona haifai kuamua bila kuiuliza familia, na kwamba katika familia wanayemjua ni mimi. Hiyo ndiyo mara pekee katika miaka ishirini nilipoulizwa jambo la Nundu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chake, shemeji akiwa amekaa sakafuni, na kitu kimoja ndani yangu kilitaka kusema simamisheni, isimame, dunia ikose usingizi japo siku moja kwa ajili ya dada yangu. Nikamuuliza, "Kuna shule zinazolingoja?" Akasema nchi moja mitihani inaanza Alhamisi, na bila toleo hilo mashine zao mpya hazichapi hesabu. Nikamwambia litoeni. Saa sita kamili likatoka, shule zikalichukua, na hakuna mtoto aliyejua kwamba kuna mtu amekufa. Sitawadanganya kwamba niliona fahari. Iliniuma kuona inaendelea bila yeye, vizuri hivyo, kama alivyopanga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, hususan wa wodi namba nne, walioniona nimekaa na simu inayoita kwa siku tisa wakadhani ni huzuni. Tunawashukuru majirani waliopokezana kuleta maji na kukaa na shemeji, mkuu wa idara ya uchapaji aliyeizima ile mashine ya chumba namba saba leo kwa saa moja, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza. Namshukuru Mwalimu, aliyesafiri kwa basi siku mbili na ambaye leo ndiyo mara ya kwanza kuwa chumba kimoja na dada yangu, na wenzake wawili, ambao kwa miaka mingi niliwaita watu baki, na ninaomba radhi mbele yenu nyote.

Dada, mimi nimemaliza kusoma. Pumzika kwa amani, wala mtu asikusumbue tena kwa swali, wakiwa nalo waje kwanza kwangu, mdogo wako, nami nitawaelekeza kwa Mwalimu.